Kidato cha tano hakianzi Julai: Tuitumieje miezi saba kujiandaa na Historia ya dunia?

Na Mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, Ibadakuli, Shinyanga

KILA mwezi Novemba, vijana wetu wakishamaliza mtihani wa kidato cha nne, huingia katika kipindi ambacho hakimo katika ratiba ya shule yoyote. Si likizo ya kawaida, kwani hakuna darasa la kurudia Januari. Wala si mwisho wa masomo, kwani wengi wao wanasubiri matokeo na kisha majina ya waliochaguliwa. Kwa utaratibu uliopo, masomo ya kidato cha tano huanza Julai. Hesabu mwenyewe ndugu msomaji: Desemba hadi Juni ni miezi saba.

Miezi saba si kidogo. Tangu mwanafunzi anaporipoti kidato cha tano Julai hadi anapokaa kwenye mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei ni takriban miezi 22, na humo ndani mna likizo, mitihani ya majaribio na siku za kuugua. Kwa hiyo muda anaokaa nyumbani akisubiri unakaribia theluthi ya muda wote atakaokaa shuleni akisoma.

Je, muda huo unatumikaje? Hapa Shinyanga na katika ukanda wote wa dhahabu mpaka Geita, jibu linajulikana. Wavulana wengi huelekea machimboni: Mwakitolyo, Kakola, Nyarugusu, Rwamgasa. Wapo wanaobeba mawe, wapo wanaofanya kazi kwenye karasha, na wapo wanaoingia duarani kabisa. Nia yao mara nyingi ni njema, kutafuta nauli, godoro na sare. Lakini kijana aliyekwisha kuzishika fedha za machimbo kwa miezi saba, si kila mmoja hurudi kuvaa sare. Wasichana nao hubaki kwenye biashara ya mama au kazi za ndani, na baadhi huanza kuposwa hata kabla majina hayajatoka. Wazazi wenye uwezo, hasa mijini, huwalipia watoto masomo ya ziada yanayojulikana kama 'pre-form five', ambako mara nyingi kijana hupewa notsi za kidato cha tano akazikariri kabla ya wenzake.

Makala hii ina jambo moja tu la kusema. Mwanafunzi anayekwenda kusoma Historia kidato cha tano hahitaji kutangulia kukariri. Anahitaji kujifunza kuuliza na kupima. Na darasa la kujifunzia hayo lipo hapa hapa anapoishi, halina ada.

Ni kitu gani kinachobadilika?

Kwa muda mrefu mtihani wa Historia wa kidato cha sita umekuwa na karatasi mbili. Moja inahusu Afrika: jamii kabla ya ukoloni, biashara ya utumwa, watu wenye asili ya Afrika katika Marekani na visiwa vya Karibi, uchumi wa kikoloni, harakati za uhuru na yaliyofuata. Nyingine inahusu dunia: kukua kwa ubepari Ulaya, mapinduzi ya Uingereza na Ufaransa, ubeberu, Mapinduzi ya Urusi ya 1917, vita viwili vya dunia, mdororo mkubwa wa uchumi, kuinuka kwa Marekani na mahali pa nchi maskini katika haya yote. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 unaleta mabadiliko kwa awamu, hivyo mzazi ahakikishe anapata muhtasari wa somo unaomhusu mtoto wake, si ule alioachiwa na kaka yake.

Kidato cha nne mtoto aliambiwa: taja sababu, eleza athari. Aliyekariri hoja sita alipata alama zake. Kidato cha tano ataambiwa: jadili, tathmini, thibitisha, unakubaliana kwa kiasi gani? Hapo hoja sita zilizokaririwa hazitoshi, kwa sababu swali halitaki orodha. Linataka msimamo wa mwanafunzi, ushahidi wake, na namna anavyolijibu pingamizi.

Jambo la pili ni lugha. Somo hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kijana anayeielewa hoja vizuri kwa Kiswahili anaweza kushindwa kuiandika. Hili si dogo, na miezi saba ndiyo nafasi pekee ya kulishughulikia bila ya kelele za mitihani.

Jambo la tatu ni upana. Kidato cha nne kitabu kimoja na notsi za mwalimu zilitosha. Kidato cha tano mwanafunzi atasikia majina ya waandishi wanaopingana. Atakutana na Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ambaye kitabu chake cha mwaka 1972 kinaeleza jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Atakutana pia na wanaompinga. Asiyezoea kusoma watu wawili wasiokubaliana atababaika.

Dunia iko mlangoni

Wanafunzi wengi huamini kuwa historia ya dunia ni mambo ya Paris, London na Berlin, hayawahusu. Ndiyo maana huyakariri kama mtu anayekariri namba za simu. Sasa tuangalie kama kweli hayawahusu. Nitachukua mambo ambayo mtu wa Shinyanga au Geita anayaona kwa macho yake.

Kwanza, hii ardhi yetu. Kila mtu anajua kuwa Shinyanga ni mkoa wenye sehemu kubwa zilizo wazi, na kwamba mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ili kurudisha miti na kuhuisha ngitili za wafugaji. Muulize kijana: kwa nini miti iliondoka? Atasema watu walikata. Sawa, lakini kwa nini walikata? Hapo ndipo historia inapoanza.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 ugonjwa wa sotoka uliingia katika pembe ya Afrika, na wanahistoria wengi wanauhusisha na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya majeshi ya Italia yaliyokuwa yakiivamia Eritrea. Katika miaka michache ukafika kwetu na kuua ng'ombe kwa wingi usio na mfano. Ng'ombe walipokwisha na watu wakapungua kwa njaa na maradhi, mashamba na malisho yakageuka pori. Pori likaleta mbung'o, na mbung'o wakaleta malale na nagana. Serikali ya Uingereza ikaifanya Shinyanga kituo cha utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na moja ya dawa iliyotumika ilikuwa kuwakusanya wananchi wafyeke mapori. Baadaye yakaongezeka mashamba ya pamba na mifugo. Mwisho wake ndio hiyo ardhi iliyohitaji HASHI.

Tazama mnyororo huo. Unaanza na tamaa ya dola moja ya Ulaya kupata koloni, unaishia kwenye ngitili ya mzee wa Kisukuma. Mwanafunzi akiweza kuueleza kwa hatua zake, na akasema pia ni hatua ipi ina ushahidi mzito na ipi ni ya kukisia, amekwisha kuelewa ubeberu na athari zake kuliko aliyekariri hoja kumi.

Pili, pamba. Mashine za kusokota na kufuma za Uingereza, zile zinazotajwa katika Mapinduzi ya Viwanda, zilitaka pamba. Nyingi ilitoka Marekani, ikilimwa na watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba hiyo, viwanda vya Lancashire viliyumba vibaya, na wenye viwanda wakajifunza kutotegemea nchi moja. Wajerumani nao hawakutaka kuitegemea Marekani. Ndiyo maana pamba ya kulazimishwa ikawa miongoni mwa yaliyowasha Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Huku kwetu pamba ilipanuka zaidi chini ya Waingereza, na reli kutoka Tabora, ikipita Shinyanga, ilifika Mwanza mwaka 1928. Kijana akipanda treni hiyo ajiulize: reli hii ilijengwa ielekee wapi, na kwa nini haikuunganisha mikoa inayopakana?

Tatu, almasi. Mwaka 1940, vita vya pili vya dunia vikiwa vinaendelea, Mkanada John Williamson aligundua almasi Mwadui. Wakati ule almasi haikuwa pambo tu, ilihitajika viwandani kukatia na kusagia vyuma. Mwaka 1947 almasi ya rangi ya waridi iliyotoka Mwadui ikawa zawadi ya harusi ya Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza. Williamson alifariki mwaka 1958, na mwaka huo huo mgodi ukanunuliwa kwa ubia na kampuni ya De Beers na serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Vita, mtaji, dola na kampuni kubwa, vyote viko kwenye shimo moja tunaloweza kwenda kulitazama asubuhi na kurudi jioni.

Dhahabu na mdororo wa 1929

Mfano wa nne nautaka tuukalie zaidi, kwa kuwa unafundisha namna ya kujibu swali.

Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka. Benki zikafilisika, viwanda vikafungwa, watu kwa mamilioni wakakosa kazi. Bei za mazao ya makoloni zikashuka: mkonge, kahawa, pamba. Sasa chukua swali la namna hii: "Jadili jinsi mdororo mkubwa wa uchumi ulivyoliathiri koloni la Tanganyika."

Mwanafunzi wa kwanza ataandika: bei zilishuka, mishahara ilipunguzwa, ajira zilipotea, mapato ya serikali yalipungua, huduma za jamii zilidorora, kilimo cha lazima kiliongezeka. Hakuna uongo hapo. Lakini ni orodha. Ukifuta neno Tanganyika ukaweka Kenya au Nigeria, jibu litabaki vile vile.

Mwanafunzi wa pili anaishi Geita. Anajua kuwa uchimbaji mkubwa wa dhahabu Geita ulianza miaka hiyo hiyo ya 1930. Anajiuliza: inakuwaje dunia nzima inafilisika, halafu huku mgodi unafunguliwa? Swali hilo moja litamfikisha mbali.

Jibu liko kwenye mfumo wa fedha wa wakati ule. Sarafu kubwa za dunia zilikuwa zimefungwa kwenye dhahabu kwa bei iliyowekwa na sheria. Kwa hiyo bei ya pamba ilipoanguka, ya dhahabu haikuanguka nayo. Septemba 1931 Uingereza ikaifungua pauni kutoka kwenye dhahabu, na thamani ya dhahabu kwa pauni ikapanda. Mwaka 1934 Rais Roosevelt wa Marekani akapandisha bei rasmi kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa aunsi. Huku gharama za vibarua zikiwa chini kwa sababu ya ukosefu wa kazi, bei ya dhahabu ilikuwa juu. Mawe ambayo jana hayakulipa, leo yakalipa.

Hivyo mwanafunzi wa pili ataanza jibu lake kwa msimamo: mdororo haukuliathiri koloni sawasawa. Uliwaumiza wakulima na vibarua wa mashamba, lakini ulifungua nafasi kwa wenye mitaji ya kuchimba dhahabu. Kisha atathibitisha. Atataja bei za mazao, atataja kampeni ya serikali ya kuwataka Waafrika walime zaidi ili kodi ipatikane, kisha ataleta dhahabu. Baadaye atauliza: nani alifaidika? Je, kibarua wa mgodini alifaidika kama mwenye mgodi? Atamaliza kwa kupima.

Na anaweza kwenda mbele zaidi akitaka. Bei ile ya dola 35 iliendelea kushikiliwa miaka mingi baada ya vita, wakati gharama zikipanda, na migodi mingi ya dhahabu ikakosa faida. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Agosti 1971 Rais Nixon akaivunja kamba iliyofunga dola na dhahabu, na bei ikaachiwa. Mwaka 1986 Tanzania ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, mwaka 1998 ikapitisha sheria mpya ya madini ya kuvutia wawekezaji, na mwaka 2000 mgodi mpya mkubwa ukafunguliwa Geita. Mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria za kudai sehemu kubwa zaidi ya mali hiyo. Kwa hiyo kijana aliye duarani leo na kijana aliye darasani wako ndani ya historia moja. Tofauti yao ni kwamba mmoja anaweza kuieleza.

Mwanafunzi wa madrasa ana mtaji asioujua

Yapo mambo ambayo kijana wa Kiislamu anayo tayari, ila hakuna aliyemwambia kuwa ni ya historia.

La kwanza ni kuhakiki habari. Sura ya al-Hujurat, aya ya sita, inatuamrisha tukiletewa habari na mtu asiyeaminika tuchunguze, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Wanazuoni wa hadithi waliijenga taaluma nzima juu ya jambo hilo. Mtoto aliyesoma madrasa anajua kuwa hadithi ina sanad na ina matini. Anajua kuulizia: nani kapokea kutoka kwa nani? Walikutana? Alikuwa mkweli? Alikuwa na kumbukumbu nzuri? Je, maneno yenyewe yanapingana na lililothibiti zaidi? Basi hayo ndiyo maswali ya mwanahistoria. Ripoti ya gavana Mjerumani, barua ya mmisionari, simulizi ya mzee wa kijiji na kitabu cha profesa, vyote vinaulizwa hivyo hivyo: nani kasema, alikuwepo, alikuwa na maslahi gani?

La pili ni kupima kwa akili. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406, katika utangulizi wa historia yake anawalaumu waandishi wanaonakili habari bila kuzipima. Anachukua mfano wa idadi ya askari wa Bani Israil inayotajwa katika vitabu, zaidi ya laki sita, akauliza: jeshi la ukubwa huo lingepangwaje vitani, na eneo lile lingelitoshaje? Hakusema tu kuwa anakataa, alitoa hoja. Kijana akisoma kuwa vita fulani viliua watu kadhaa, au kuwa njia fulani ilisafirisha watumwa kadhaa, ajifunze kuuliza hivyo.

La tatu ni lugha. Mwanafunzi anayejua Kiarabu kidogo na Kiswahili kizuri anaweza kugusa vyanzo ambavyo wengine husimuliwa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na akaandika alichokiona. Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, alisimulia maisha yake na safari zake kwa Kiswahili, na ni chanzo kikubwa cha biashara ya misafara iliyopita Tabora, jirani zetu. Ni chanzo cha kusomwa kwa tahadhari pia, kwani aliyesimulia alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na tusiogope kulisema hilo. Katika mada ya watu wenye asili ya Afrika ng'ambo ya Atlantiki, kijana atamkuta Omar ibn Said, Mwafrika aliyekuwa mtumwa huko North Carolina, aliyeandika habari za maisha yake kwa Kiarabu mwaka 1831. Atakuta pia uasi wa watumwa Waislamu mjini Salvador, Bahia, nchini Brazil, Januari 1835, uliotokea ndani ya Ramadhani. Mada inayoonekana ya mbali inakuwa na majina ya watu anaowafahamu.

Lakini tuwe waadilifu. Kuna hatari ya kijana wetu kuisoma historia akitafuta sifa za Waislamu tu. Akifanya hivyo atafeli mtihani na atafeli pia katika uadilifu tuliofundishwa. Kanuni ya kuhakiki habari haina ubaguzi: inamhusu mwandishi wa kizungu, na inatuhusu sisi.

Ratiba ya miezi saba

Baada ya maelezo hayo, napendekeza utaratibu ufuatao. Haukusudii kumfungia kijana ndani. Saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, zinatosha, na muda unaobaki afanye kazi na asaidie nyumbani.

1. Desemba. Apumzike wiki mbili. Kisha asome kitu chochote kwa Kiingereza kurasa tano kila siku, gazeti au kitabu cha hadithi, na awe na daftari la maneno mapya. Kila neno aliandike ndani ya sentensi yake mwenyewe. Asipotunga sentensi, hajalijua.

2. Januari. Matokeo yakitoka, akae na mzazi na mwalimu kuamua tahasusi. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuziongeza hadi 65, zikiwemo za masomo ya dini, kwa hiyo HGL, HGK na HKL siyo milango pekee. Asichague Historia kwa kuwa amefeli Hesabu. Achague kwa kuwa yuko tayari kusoma na kuandika sana.

3. Februari. Ramani na tarehe. Achore kwa mkono ramani ya dunia, Ulaya ya mwaka 1815 na ya mwaka 1919, na Afrika baada ya Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885. Kisha achore mstari mrefu wa miaka, kuanzia 1500 hadi leo, upande wa juu mambo ya dunia, upande wa chini mambo ya kwetu. Huo mstari aubandike ukutani, auongeze kila wiki.

4. Machi. Asome mada moja tu ya dunia na moja ya Afrika kwa vitabu viwili tofauti. Aandike: wanakubaliana wapi, wanatofautiana wapi, na kwa nini. Vitabu vya kiada vinapatikana bure katika maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na mjini ipo maktaba ya mkoa.

5. Aprili. Atoke. Azungumze na wazee watatu waliofanya kazi katika pamba, reli au Mwadui. Awaulize walianza lini, walilipwaje, nini kilibadilika. Aandike majibu pamoja na jina la msimulizi na tarehe, halafu ayalinganishe na kitabu. Mwenye nauli afike Makumbusho ya Bujora, Kisesa. Qur'an yenyewe katika Sura ar-Rum, aya ya tisa, inawahoji watu kama hawajatembea katika ardhi wakaona mwisho wa waliowatangulia.

6. Mei. Insha moja kila wiki kwa Kiingereza, kurasa mbili hadi tatu. Aanze na msimamo, aweke ushahidi, alete pingamizi na kulijibu, ahitimishe. Ampe mtu mwingine aisome kwa sauti. Sentensi ambayo msomaji anakwama, aiandike upya.

7. Juni. Arudie maandishi yake, aandae vifaa, na alale mapema. Akiripoti Julai hatakuwa amemaliza mada zote, na halikuwa lengo. Atakuwa na macho ya kusomea.

Wajibu wetu sisi wakubwa

Kwa wazazi. Kijana akitaka kwenda machimboni kutafuta mahitaji ya shule, tusimkemee tu huku mfuko wa nyumbani ukiwa mtupu. Tukae tupige hesabu pamoja: kinahitajika kiasi gani, kaya inaweza nini, ndugu wanaweza nini, na yeye anaweza kufanya kazi gani karibu na nyumbani isiyo ya kushuka ardhini. Kijana anayejua mpango uliopo husubiri. Asiyejua huondoka.

Na binti zetu. Ukimpeleka mtoto wa kike shule miaka minne, kisha ukaanza kupokea washenga katika mwezi wa tatu wa kusubiri, umeuvunja mlango kwa mkono wako. Mama yetu Aisha (r.a.) alikuwa marejeo ya maswahaba katika elimu, wakimwendea kumuuliza. Binti apewe saa zake mbili kama kaka yake, na vyombo vigawanywe.

Kwa maimamu na kamati za misikiti. Karibu kila msikiti mjini una chumba cha madrasa kinachokaa kitupu asubuhi. Meza mbili, taa, ramani ya dunia, kamusi na vitabu kumi vinatosha kuanzisha mahali pa kusomea wanaosubiri kidato cha tano. Walimu vijana na wanafunzi wa vyuo walioko likizo wanaweza kusimamia kwa zamu. Gharama yake ni ndogo kuliko kipaza sauti kipya. Na si lazima kiwe cha watoto wa Kiislamu tu, jirani akitaka kusoma akaribishwe.

Kwa wanafunzi wenyewe. Shinyanga iliwahi kutoa Chifu Kidaha Makwaia wa Usiha, aliyeingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945, akiwa miongoni mwa Waafrika wawili wa kwanza, na akawa mjumbe wa Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya 1953 hadi 1955. Alikaa meza moja na waliokuwa wakiitawala nchi hii. Swali la nani anakaa mezani na nani anasubiri nje kuambiwa kilichoamuliwa bado lipo. Mikataba ya migodi, bei ya pamba na matumizi ya ardhi yetu huamuliwa na watu wanaojua yaliyotangulia, kwa maandishi, na mara nyingi kwa Kiingereza. Asiyejua yaliyotangulia hudanganywa kwa mara ya pili kwa njia ile ile ya kwanza.

Miezi saba inaanza siku ile kalamu inapowekwa chini. Mzazi unayesoma makala hii, kama una kijana nyumbani anayesubiri, muulize leo jioni: reli inayopita Shinyanga ilijengwa kupeleka nini, na wapi? Akijibu, muulize amejuaje. Akinyamaza, mtafute jibu pamoja.

Wabillahi tawfiq.